Baba Mkwe na Skrubu za Mashine

Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956. Asubuhi ile Matema ilikuwa na baridi, ukungu umeifunika milima ya Ukinga mpaka miguuni, na ziwa limetulia kama maji ya beseni.

Mimi nilikuwa ndani ya matete. Maji yamenifika kiunoni. Kiganja nimekibana mdomoni ili pumzi yangu isisikike.

Mbele yangu, karibu kabisa, mtu alikuwa ameinama ndani ya mtumbwi wa mume wangu. Ameshika skrubu ya mashine. Anaizungusha...

Kushoto.

Kushoto.

Kushoto tena!

Jamani... analegeza!

Na mtu huyo hakuwa mwizi wala mgeni. Alikuwa baba mkwe wangu.

Ndugu zangu, nianze kwa kuwaeleza kwa nini nilikuwa kwenye matete, maana vijana wa leo mtacheka.

Kwetu Unyakyusa, wakati ule, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Humtazami. Husemi naye wala humtaji mbele ya watu. Jina lake hulitamki, na hata hapa sitaliandika. Yeye akija njiani anakohoa, nawe unaingia porini mpaka apite.

Nilikuwa nimekuja kuchota maji. Nikaona miguu yake kwenye mchanga, nikajitosa kwenye matete bila hata kukumbuka mamba.

Lakini siku ile hakukohoa.

Mtu mwenye nia njema anakuja kimya kimya kwa nini?

Sikupaswa kutazama. Nilitazama.

Mashine yenyewe, ya kusukuma mtumbwi, ilikuwa imefika juzi yake kwa lori, imeletwa na Bwana Othmani, mnunuzi wa samaki kutoka Mbeya. Baba yake alikuwa mtu wa pwani, yeye kazaliwa Mbeya hapo hapo. Ilikuwa mashine ndogo, si ya kukimbia. Ilikuwa ya kwenda polepole tu huku mnaburuta ndoano nyuma, mbasa, samaki mkubwa wa ziwa letu, aifuate akidhani ni samaki mdogo.

Makubaliano yalikuwa hivi: mashine ni ya Othmani, mtumbwi na jasho ni vya Yotamu, mume wangu. Samaki watagawana.

Shida ikawa mtumbwi. Mkia wa mtumbwi umechongoka, mashine haina pa kukaa. Basi jioni ya Jumatatu wakatoboa matundu mkiani, wakafunga ubao mnene wa mninga kwa bolti, ukakingama. Mashine ikapachikwa juu ya ubao ule, ikabanwa na skrubu mbili zenye masikio.

Mimi ndiye niliyeishikilia wakati wanaifunga.

"Tazama, Bi Sekela," Othmani aliniambia. "Kulia unakaza. Kushoto unalegeza. Hii ikichomoka huku inaunguruma, mtumbwi unapinduka na sote tunakwenda chini."

Nililishika neno lile kama nilivyokuwa nikizishika herufi. Wakati huo nilikuwa nasoma darasa la jioni kwa Mwinjilisti Danieli, nami ni mtu mzima mwenye watoto wawili, na kila nilichofundishwa nilikirudia njia nzima. Kulia kukaza. Kushoto kulegeza.

"Tuifunge na kamba pia," Othmani akasema. "Skrubu zikilegea, isizame."

"Kamba ya nini, Bwana?" Yotamu akacheka. "Itanasa kwenye ndoano!"

Usiku nikasikia baba mkwe akifoka nyumbani kwake. "Mtumbwi nimeuchonga kwa mikono yangu! Leo wameutoboa kama chekeche!"

Sasa mnaona kwa nini sikuwa na shaka?

Baba mkwe alipoondoka, nikatoka kwenye matete. Chungu nikakiacha. Nikakimbia mpaka kwa mama mkwe, nikamkuta anapepeta mchele.

"Mama! Skrubu za mashine zimelegezwa!"

"Na nani?"

"Na... mwenye nyumba hii."

Ungo ukamdondoka.

"Sekela! Umemtazama mkwe wako?"

"Mama, Yotamu atakufa!"

"Nakuuliza, umemtazama?"

"Mama, mashine itachomoka..."

"Toka! Toka kabla watu hawajasikia! Balaa gani hili asubuhi yote hii!"

Nikatoka. Nikapiga magoti nyuma ya jiko.

"Bwana Yesu, nikinyamaza nimemuua mume wangu. Nikisema nimemvua nguo mkwe wangu mbele ya watu. Mimi nishike lipi?"

Sikusikia sauti ya mbinguni.

Nilisikia mashine!

Trrrrr... ikakohoa, ikazimika. Trrrrr... ikazimika tena.

Wanaondoka!

Nilikimbia kama mwendawazimu. Ufukweni kumejaa watu waliokuja kuona mtumbwi unaokwenda bila kafi. Mwinjilisti Danieli alikuwapo, ameshika Biblia, amemaliza kuwaombea. Mtumbwi ulishasukumwa majini. Bwana Othmani ameketi katikati, kanzu ameikunja mapajani, ameng'ang'ania kingo kwa mikono miwili. Yotamu yuko nyuma, anavuta kamba ya kuwashia.

Nikaingia majini na nguo zangu. Nikaudaka mtumbwi.

"Teremka, Yotamu!"

"Wewe! Rudi nyumbani!"

"Teremka nakwambia!"

"Usinitie aibu mbele ya tajiri, mwanamke!"

"Skrubu zimelegezwa!"

Mume wangu akaganda. Kamba mkononi, mdomo wazi.

"Nani... nani kakwambia?"

"Nimeona kwa macho yangu! Baba yako! Baba yako ndiye kazilegeza alfajiri!"

Ufukwe mzima ukanigeukia.

Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe. "Kamtaja! Kamtaja mkwe!"

"Na mwenyewe yupo pale!"

Kweli alikuwapo. Amesimama kando ya nyavu zilizoanikwa, akisikia kila neno. Nikajifunika khanga kichwa kizima. Laiti ziwa lingenimeza!

Ndani ya khanga nikamsikia Bwana Othmani akijisogeza mkiani. Ubao ukalia. Kisha akasema taratibu:

"Bi Sekela... hizi zimekaza."

"Haiwezekani!"

"Zimekaza kuliko nilivyozikaza mimi jana. Hata kuzitikisa siwezi."

"Bwana Othmani, nimemwona! Alikuwa anazungusha kushoto!"

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye matete. Nyuma ya mkia."

"Na yeye alielekea wapi?"

"Alielekea... kwangu."

"Funua uso, binti. Tazama mkono wangu."

Nikafunua jicho moja. Alikuwa amenielekea, kama ameshika skrubu hewani, akaizungusha kulia kwake.

Mkono ukaenda kushoto kwangu.

Ee Mungu wangu!

Nilikuwa upande wa pili. Mzee alikuwa anakaza!

Nimemsingizia mzee wa watu mbele ya ufukwe mzima, mbele ya mwinjilisti, na mwiko wa mila nimeuvunja bure...

Ndipo nikaisikia sauti ya baba mkwe. Hakunitazama. Alisema akiliangalia ziwa, kama anaongea na maji.

"Nilizikuta zimelegea. Umebaki mzunguko mmoja tu zichomoke. Nikazikaza."

"Nani alizilegeza, mzee?" Othmani akauliza.

Mzee akainama kwenye nyavu, akatoa kibuyu kilichofungwa kamba, na mwisho wa kamba jiwe.

"Hiki nimekitoa alfajiri kule majini, mbele ya ule mwamba. Kinaelea. Chini yake hakuna wavu. Na kamba ni ya nyumbani kwangu."

Wavuvi wakatazamana. Kibuyu huelea juu ya wavu, kila mtu anajua. Kibuyu kisicho na wavu kinaonyesha nini?

Kinaonyesha mahali. Mahali ambapo mtu atataka kuparudia.

"Yotamu?" Othmani akaita.

Yotamu akaitazama sakafu ya mtumbwi.

"Yotamu, ndugu yangu, nitazame."

Mume wangu akaiachia kamba ya mashine. Akaanza kuongea akiwa ameinamisha kichwa.

"Pale maji si marefu sana. Ningezamia baadaye, nikaitoa. Kuna mtu kule Karonga yuko tayari kuinunua."

"Kwa hiyo ulitaka ichomoke."

"Nilitaka uone mwenyewe. Useme ni bahati mbaya."

"Na mimi nimo ndani?"

"Ningekushika, Bwana."

"Jana nilikwambia sijui kuogelea."

"Ningekushika..."

"Kwa mkono upi, Yotamu? Huo unaolegeza skrubu?"

Ndugu zangu, nimekimbia, nimelia, nimevunja mila ili mume wangu asife. Kumbe wa kufa alikuwa yule aliyeketi katikati, aliyekunja kanzu yake akimwamini!

Bwana Othmani akateremka. Kanzu ikaloa mpaka kifuani. Akazungusha zile skrubu, kushoto, kushoto, akaibeba mashine yake begani mpaka mchangani, akaketi nayo kama mtu aliyempakata mtoto mgonjwa.

"Alhamdulillahi," alisema. Hakuongeza neno.

Wanawake ndio walioongeza.

"Na huyu Sekela arudishwe kwao! Kamtaja mkwe, na juu ya hayo kamsingizia!"

"Leo hii hii!"

Baba mkwe akatugeuzia mgongo, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Asirudishwe. Alipiga kelele kwa ajili ya uhai. Kosa la mila lina dawa yake ya mila, tutaifanya. Mwenye kosa lisilo na dawa ni mimi. Sikukohoa asubuhi kwa sababu nilikuwa namsitiri mwanangu. Nilidhani nikikaza skrubu na kukitoa kibuyu, mambo yamekwisha. Ningemwacha aende na moyo ule ule, atafute siku nyingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Uongo wangu nisioujua ndio uliotoa ukweli ambao mzee aliujua na kuuzika.

Msomaji wangu, kabla hujaapa kwamba umeona, jiulize ulikuwa umesimama upande gani. Na ukishajua kweli, usiitie kwenye matete kwa sababu mwenye kosa ni wako.

Bwana Othmani akasimama, akakung'uta mchanga.

"Nakwenda Tukuyu, bomani, kushtaki. Sina hasira, lakini nakwenda. Wataniuliza mashahidi."

Yotamu akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. Mtu mzima, machozi mpaka kidevuni.

"Sekela, mke wangu. Waambie hukusikia kitu. Wewe ulikuwa umejifunika khanga. Waambie hukusikia!"

Watu wote wakanitazama. Mwinjilisti Danieli akaishusha Biblia yake. Baba mkwe hakugeuka, lakini niliona mabega yake yamesimama, anasikiliza.

Nikaiondoa khanga kichwani.

"Yotamu," nikasema, "mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote naahidi. Wakikufunga, nitakuletea chakula mpaka Tukuyu kwa miguu. Nitakuombea asubuhi na jioni. Ukirudi, utanikuta nyumbani kwako. Lakini wakiniuliza nilichokisikia leo, nitakisema chote. Sitakufichia."