Koti Jeupe na Daftari la Mwelu

Kila Jumamosi Mwelu alifua koti lake jeupe na kulianika katikati ya kamba. Kamba hiyo ilikuwa ya ploti nzima, vyumba kumi na viwili vya kukodisha nje kidogo ya Juja. Jirani yake Wilkister alianika koti lake la kijani mwishoni, karibu na mtaro.

Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kupakia mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani, ya kuuzwa ng'ambo. Wenye koti la kijani husimama siku nzima katika chumba cha baridi wakikata ncha za mishiri. Wenye koti jeupe huketi, wakikagua kila katoni: uzito wake, mfuniko wake, lebo yake. Wilkister na Mwelu waliajiriwa wiki moja. Mwelu alipanda cheo Januari.

"Ako na nini ambayo mimi sina?" Wilkister alimuuliza mume wake, Barasa, askari wa lango huko mtaa wa Membley.

"Anajua kusoma zile karatasi za Kizungu."

"Aliacha shule darasa la nne. Mimi nilifika la sita!"

"Si umuulize alifanya aje, Mama Sifuna?"

"Nimuulize? Ndio anicheke na meno yote?"

"Basi endelea kuangalia hiyo koti. Itatoboka."

Mwezi wa nane, msimamizi wao, Maina, alitangaza nafasi moja ya koti jeupe. Jaribio lingekuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumapili hiyo Mwelu aliketi mlangoni pake na daftari lake. Maji yalipochemka ndani, aliingia jikoni na kuliacha daftari juu ya kigoda. Wilkister, aliyekuwa mlangoni pake, alikuja akalifungua, akapiga picha kurasa nne kwa simu na kulirudisha. Hakujuta. Alijiambia kwamba sasa wako sawa.

Maneno ya Kiingereza yalipangwa kwa mafungu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno yanayoishia kwa herufi zilezile: light, tight, right, night, weight, height. Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno yenye s na h pamoja: shut, shelf, wash, fresh. Mbele ya kila neno Mwelu aliandika maana. Lakini maana zote zilikuwa kwa Kikamba, na Wilkister ni Mbukusu.

Angemwomba nani amfasirie? Kila Mkamba katika ploti hiyo alikuwa rafiki ya Mwelu. Wilkister alinakili maneno peke yake. Siku tano aliyakariri akiosha vyombo. Barasa alishika orodha na kumsikiliza.

"Height maana yake nini?" Wilkister aliuliza.

"Soma tu. Maana itakuja."

Ijumaa Maina aliweka mezani katoni tatu na mizani. Akampa Wilkister karatasi. Iliandikwa: Shut the lid tight. Check the weight, yaani funga mfuniko ukaze, kisha kagua uzito.

Wilkister aliisoma bila kusita. Wenzake waligeuka kumtazama.

"Safi," Maina alisema. "Sasa fanya vile imesema."

Wilkister alitazama katoni. Alitazama mizani. Mwishowe, kwa kubahatisha, aliinyanyua katoni moja juu ya kichwa chake na kungoja.

"Woi! Anaombea mishiri!" mtu alipiga kelele kutoka laini ya pili, na chumba kizima kikacheka. Mwelu tu hakucheka. Hilo lilimuuma Wilkister kuliko kicheko. Nafasi ilipewa mtu mwingine.

Jumamosi walikutana kwenye kamba. Wilkister alikuwa amechoka kujificha.

"Mwelu, niliiba maneno yako. Nilipiga picha daftari."

Mwelu alibana koti lake kwa vibanio viwili kabla ya kujibu.

"Niliona tu jana. Ulisoma vizuri kuliko mimi, na macho yako yalikuwa matupu. Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa na wivu. Bado niko nao."

"Angalau unasema ukweli. Unadhani nilipata hii koti kwa picha? Miezi saba nilienda ngumbaru kanisani Kalimoni, kila Jumanne na Alhamisi. Watu walinicheka: mama mzima anaenda darasa la watu wazima."

"Mimi pia nilicheka, nikidhani ni upuzi," Wilkister alisema.

"Najua. Nilikusikia."

Mwelu alileta daftari na kulifungua juu ya kigoda. "Hizi herufi zinafanana ili nikumbuke haraka. Ni rafu ya kupanga vitu. Lakini rafu tupu haina chakula. Kila neno nililishika na mkono kwanza." Aliinua ndoo iliyojaa maji. "Hii nzito. Uzito ni weight." Aliimwaga. "Sasa ni nyepesi. Light." Alikaza kifuniko cha mtungi hadi kikagoma kuzunguka. "Tight. Imebana." Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Wilkister. "Kutoka chini mpaka hapa, height. Yako, wewe mfupi."

"Wewe!"

"Halafu andika maana kwa lugha ile unatumia kugombana nyumbani. Tunga sentensi yako. Maneno matano kwa wiki, si arobaini."

Jumanne Wilkister alikwenda Kalimoni. Alinunua daftari jipya na kuandika maana kwa Kibukusu. Mara nyingi Mwelu alimtangulia kujibu darasani, na mara nyingi Wilkister alikunja uso. Lakini kila neno alilolijua, aliweza kulifanya kwa mikono.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata kulikuwa na jaribio jingine. Maina aliandika sentensi mpya. Wilkister aliisoma kimya, akakaza mfuniko, akapima, akaitenga katoni moja. "Hii ni nyepesi kwa gramu arobaini," alisema. Maina alipima tena. Ilipungua gramu arobaini.

Sasa makoti meupe mawili huanikwa katikati ya kamba.

Jumamosi moja Wilkister alitoka chumbani na kumkuta jirani mpya, Ajwang, wa koti la kijani, ameinamia kigoda na simu mkononi. Daftari la Wilkister lilikuwa wazi juu yake. Ajwang alishtuka.

"Piga tu," Wilkister alisema. "Lakini maana ziko kwa Kibukusu, si Kijaluo chako."

Ajwang alishusha simu.

"Jumanne saa kumi na moja jioni nitakupitia twende ngumbaru. Beba kalamu. Na hiyo ndoo yako, ijaze maji uilete hapa."