Mbwa wa Pua ya Gaju

Kila Jumapili baada ya misa, Oswald alitoka mtaa wa Gikondo, Kigali, kuja Kicukiro kwa rafiki yake Rutayisire. Walikua pamoja Karagwe, Tanzania, wakichunga ng'ombe. Sasa wote wawili wana mvi. Winifred, mke wa Rutayisire, aliwapa chai, nao wakaanza: ukungu wa asubuhi, kisima, majina ya ng'ombe mmoja mmoja. Oswald hakuchoka kumtania mwenzake.

"Wewe ulilala, ng'ombe wakala maharage ya padri. Fimbo nikapigwa mimi."

Wote wawili walifuga mbwa aina ya pitbul. Mwaka huu walikubaliana dume la Oswald limpande Simbi, jike la Rutayisire. Oswald angepewa mtoto mmoja. Simbi alizaa wanne. Baada ya wiki tano pua zao zilishika rangi. Watatu walikuwa na pua nyeusi, kama baba na mama. Wa nne pua yake ilikuwa ya kahawia, rangi ya ini.

Oswald alimgeuza yule wa nne, akamweka chini.

"Rutayisire, lango lako liliachwa wazi. Baba wa huyu yuko barabarani."

Rutayisire alisema lango lilifungwa siku zote Simbi alipokuwa anataka dume. Oswald akajibu kwamba pua haidanganyi, akaaga. Jumapili mbili zikapita hakuja. Rutayisire alikaa barazani peke yake. Hapa Kigali hakuwa na mtu mwingine aliyejua majina ya wale ng'ombe.

Siku moja daktari wa mifugo, Mahoro, alikuja kuwachanja watoto wa Simbi. Winifred alimweleza ugomvi huo, kisha akampigia Oswald simu. Alijua mumewe asingempigia. Oswald alikuja kwa heshima ya shemeji yake, lakini alikaa mbali na Rutayisire.

Mahoro aliwauliza, "Wazee, kule Karagwe, ng'ombe mweusi akipandwa na fahali mweusi, hakuwahi kuzaa gaju?"

Gaju ni ng'ombe wa rangi ya kahawia nyekundu.

"Alizaa," Rutayisire alisema. "Tuliwaona."

"Na mlisema mama alilala nje?"

Oswald alitazama chini. "Hapana. Tulisema gaju iko kwenye ukoo."

Mahoro alieleza kwamba ng'ombe wana vinasaba vyao na mbwa vyao, lakini njia ni ileile. Kinasaba ni agizo ambalo mtoto hupokea kwa mzazi. Kwa rangi hii ya pua, mbwa hupokea viwili: kimoja cha baba, kimoja cha mama. Cheusi kikikutana na cha kahawia, pua huwa nyeusi, na kahawia hujificha. Vikikutana viwili vya kahawia, pua huwa ya kahawia.

"Kwa hiyo lango lilifungwa?" Oswald aliuliza.

"Pua haijui habari za lango, mzee. Wazazi wa dume lako walikuwa na pua gani?"

Oswald alikumbuka. Dume lake alilinunua mtaa wa Kagugu, na huko alimwona mama wa dume hilo.

"Mama alikuwa na pua kama hii."

"Basi hakuwa na kinasaba kingine cha kumpa mwanawe. Dume lako limebeba kahawia, hilo ni hakika. Simbi naye akiwa ameibeba, wanaweza kuzaa huyu."

Aliongeza kwamba pua ya kahawia haimfanyi mbwa kuwa mkali zaidi, wala si dalili ya damu safi. Malezi mema yanahitajika kwa wote.

Oswald alisogeza kiti. "Nilikutukana kwako, mbele ya shemeji."

"Mimi nimesamehe," Rutayisire alisema. "Simbi muombe mwenyewe."

Watoto walipofikisha wiki nane, Oswald alikuja kuchagua wake. Alimchukua wa nne. Wazee hao walikaa mpaka jioni, wakibishana juu ya jina la ng'ombe mmoja mweusi wa Karagwe, aliyezaa gaju mara mbili.