Risasi ya Fundi Redio

Kila siku nikitoka shule huosha vyombo, kisha hukaa uani na shangazi kuchambua maharage. Siku ile mikono ilichambua, akili haikuwepo. Jana yake tulitazama filamu ya mpiganaji mtoro aliyejificha mtaani, akijifanya fundi saa. Majirani walimsalimu, wakampelekea na chai! Alikuwa mbele ya macho yao na hakuna aliyemjua. Jamani, nywele zilinisimama.

Mara nikamsikia fundi redio, mpangaji mpya wa chumba cha mbele, akiongea kwenye simu: "Risasi imeniishia kabisa. Niletee leo leo."

Moyo ulinipiga paa! Nikatupa ungo, mbio hadi kwa rafiki yangu, binti wa muuza mkaa. "Fundi ana bunduki! Nimemsikia kwa masikio yangu!"

Bunduki sikuisikia. Niliiongeza mwenyewe. Rafiki yangu akakimbia kumwambia baba yake. Niliporudi nyumbani, neno lile lilikuwa limenitangulia: ua umejaa watu wenye marungu. "Mtoeni!" Muuza mkaa alikuwa amemkunja fundi shati.

Nikinyamaza, wangemuua mtu asiyenikosea lolote. Nikapenya katikati yao.

"Mwacheni! Bunduki nimeitunga mimi! Nilisikia neno 'risasi' tu!"

"Risasi?" fundi akauliza, akamgeukia shangazi. "Mama, tafadhali, niletee kile kipande cha mwisho kilichobaki mezani, pamoja na kile chuma cha moto."

Shangazi akaleta chuma na kipande kifupi cha waya laini wa kijivu. Fundi akachukua redio iliyofunguliwa mlangoni pake, ya muuza mkaa mwenyewe, akagusisha waya kwenye chuma. Ukayeyuka. Tone likang'aa kama shanga, likaunganisha nyaya mbili zilizokatika. Redio ikaanza kuimba.

"Hii ndiyo risasi yangu," akasema.

Muuza mkaa akaangusha rungu, akamshika mkono. "Nisamehe, ndugu yangu." Nami nikapiga magoti nikilia. "Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe, binti. Umenitoa mikononi mwao."

Watu walipotawanyika, shangazi alinishika bega. "Kusikia si kujua, mwanangu. Ungeuliza tu, 'Risasi gani?' Uliongeza neno moja, nalo nusura liue mtu. Umefanya vyema kusema kweli. Siku nyingine iseme kabla watu hawajashika marungu."