Haujafunguliwa

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji. Mlango umekomewa, matairi yamepangwa hadi darini.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alisema Shemeji.

Fundi akageuza kompyuta. Shemeji alikuwa bosi wa genge, na mume wa dada yake Fundi. Dada alikuwa nyumbani, mkono kwenye plasta. Mumewe alikuwa ameshamwambia mara nyingine itakuwa shingo.

"Skripti yangu, programu fupi, inaipa mashine ya milango ya ghala la dhahabu neno la siri, inaiamuru: fungua wa ndani. Mashine inajibu kwa maandishi. Skripti inalinasa jibu, inatafuta humo neno 'funguliwa'. Ikiliona, inatoa amri ya pili: funga wa nje kwa kufuli ya dharura. Walinzi hawatufuati. Tunabeba dhahabu, tunatokea mlango wa mizigo."

"Na hiyo kufuli ikishafunga?"

"Hairudi. Inafunguliwa kwa nje tu."

Nyundo, mvunja milango wa siku nyingi, akacheka. "Siku hizi mlango unaandikiwa barua. Mimi nilikuwa naupiga teke."

"Utaingia na sisi," Shemeji alimwambia Fundi. "Ukinichezea, tunaoza wote."

"Sawa, shemeji."

Saa saba mchana. Walinzi wanakula. Watu watatu kwenye ujia mwembamba, kati ya mlango wa nje na wa ndani. Zege kulia, zege kushoto. Chuma mbele, chuma nyuma. Fundi akachomeka waya ukutani, akabonyeza.

Kishindo. Nyuma yao.

Shemeji akasukuma mlango wa ndani. Akaupiga bega. Wapi.

"Mbona huu umegoma?"

Nyundo aliinamia kioo cha kompyuta, akasoma polepole. "Mlango ha-u-ja-funguliwa." Akainua kichwa. "Haujafunguliwa, halafu nyuma imetufungia?"

"Inatafuta 'funguliwa'," alisema Fundi. "Si imo? Hapo mwishoni."

King'ora kikaanza kulia. Shemeji akamkaba Fundi shati, bastola kooni.

"Rudisha!"

"Hairudi. Nilikwambia gereji."

"Amekosea, bosi," alisema Nyundo. Kisha akamgeukia Fundi. "Neno la siri la mlango wa ndani. Uliweka lipi?"

"Jina la dada, badala ya lao."

Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito. Nyundo alimtazama Fundi, akatazama chuma, akamtazama tena.

"Na wewe umo humu humu, bwege."

"Nimo."

Shemeji akaanza kuvuta kifyatulio. Nyundo alimwahi kiwiko. Risasi ikagonga zege, vumbi likawamwagikia. Bastola ikahamia mkono wa Nyundo.

"Jela ya wizi nitaitumikia," alisema. "Ya mauaji, utaitumikia peke yako."

"Nikitoka hapa, huyo dada yako..."

"Utatoka mzee, shemeji," alisema Fundi, akaketi sakafuni. Nyumbani, dada angelala leo bila kusikiliza funguo za mumewe mlangoni.

Nje, buti za walinzi zikasimama. Mlango wa nyuma ukaanza kufunguliwa.