Tiketi Mia Mbili za Jumapili

Saa saba kasorobo, Ijumaa, dada muuza tiketi alirudi kibandani na kukuta droo tupu. Vitabu viwili vya tiketi za mechi ya Jumapili, mia mbili nzima, vimeyeyuka! Kufuli zima, dirisha zima. Alikuwa ametoka saa sita kamili kwenda kula, basi.

Katibu wa klabu alifika saa saba na dakika tano, akitokea kikaoni na waamuzi alikokuwa tangu saa tano. Alikuwa na hasira kama amemwagiwa maji ya moto.

"Mechi ya mwisho, tukifungwa tunashuka daraja, wewe unapoteza tiketi? Zisipoonekana kufika saa kumi, acha ufunguo mezani uende zako."

Dada aliutazama ufunguo mkononi mwake. Ana watoto wawili, na kazi yenyewe ni hiyo hiyo.

Ufunguo wa akiba hutundikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Wanaojua ni watatu: katibu, mtunza uwanja waliyembandika jina la Kipara, na mjomba wake dada, mwenyekiti wa mashabiki, aliyemtafutia kazi hiyo.

Kwenye mshikio wa droo palikuwa na vumbi jeupe.

"Chokaa!" katibu alifoka. "Kipara huyo!"

Kipara aliitwa, akanyoosha viganja vyake. Vilikuwa na tope tu.

"Mistari nachora kesho, bosi. Uwanja umelowa tangu alfajiri, nichore juu ya maji?"

"Saa sita ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya goli, nafukia mashimo. Kocha alikuwa kanisimamia kama mkwe, muulize."

Kocha aliulizwa, akakubali. Hapo ndipo katibu alipotupia macho ubao wa msimamo wa ligi uliotundikwa ndani ya kibanda.

"Na hii hasi kumi imetoka wapi? Asubuhi tofauti yetu ya mabao ilikuwa hasi tisa."

"Redio imetangaza saa sita na robo," alisema Kipara. "Shirikisho limetufutia bao moja. Hiyo tofauti yenyewe mimi hata siijui inavyopigwa."

Dada aliinama, akagusa vumbi la kwenye droo, kisha akagusa chaki chini ya ubao. Ni kitu kimoja. Lo! Mwizi ameingia kuiba, akaona msimamo una kosa, akashindwa kuvumilia. Mtu wa namna hiyo dada alimjua mmoja tu.

Saa nane na nusu alibisha kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia, pole. Mimi sijatoka humu ndani tangu asubuhi."

"Nimekuja kwa jambo dogo. Ubao wetu bado unaonyesha hasi tisa, watu wananicheka."

"Tisa? Aa, wapi! Si nimeshasahihisha kwa mkono wangu..."

Aliziba mdomo kwa kiganja. Redio ndogo mfukoni mwake iliendelea kuropoka peke yake.

"Kwa nini, mjomba?"

"Wapinzani wanakuja na mabasi manne! Wangenunua zote, watuzomee nyumbani kwetu. Nilitaka kuzigawa kwa watu wetu."

"Na mimi nifukuzwe?"

"Nilijua watakusamehe. Wewe ni mtoto wa nyumbani."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mjomba." "Katibu anataka jina, na mimi nitalitaja."

Mjomba aliinua godoro, akamkabidhi vitabu vyote viwili.

Saa kumi kasoro dakika kumi tiketi zilikuwa mezani kwa katibu, na jina limetajwa. Hukumu haikuchukua muda: mwenyekiti asikanyage uwanjani hadi msimu ujao. Miaka thelathini na moja hajawahi kukosa mechi ya nyumbani.

Jumamosi asubuhi kibanda kilifunguliwa. Mjomba alipanga foleni kama wengine, kofia mkononi, hadi akafika dirishani.

"Moja tu, mwanangu. Nitakaa nyuma kabisa."

Machozi yalikuwa yakimlenga dada, wala hakuyaficha.

"Umefungiwa, mjomba," alisema. "Anayefuata!"