Kitambaa Kimoja kwa Zizi Zima

Kila asubuhi ya siku ya mnada, Chiriku aliingia zizini na ndoo ya maji na kitambaa, akawasafisha mbuzi na kondoo wa shangazi yake kwato, macho na pua. Shangazi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. "Mnunuzi hutazama uso kwanza," alipenda kusema. Msichana alipewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata mbuzi aliwasimulia habari za shuleni.

Wiki iliyopita shangazi alirudi na kondoo jike mgeni, pua inachuruzika kamasi. "Ni vumbi la njiani tu," alisema, akamwingiza pamoja na wengine. Chiriku alimpangusa, kisha akawapangusa wenzake wote kwa kitambaa kile kile.

Leo kondoo huyo alikuwa amelala pembeni, hataki hata maji. Mbuzi kadhaa walikohoa. Chiriku alimpangusa beberu mwekundu, na kabla hajasuuza kitambaa, kamasi ilitoka tena. Alipomfunua mdomo aliona vidonda kwenye fizi. Je, ni yeye aliyewaambukiza?

"Chiriku, fanya haraka! Mnunuzi ameshafika na gari," shangazi aliita. "Mbona leo umemeza ulimi?"

Mnunuzi, mzee mwenye kofia ya pama, alimpapasa beberu mgongoni. "Wamependeza kweli! Nampelekea binti yangu. Mbuzi wake wamezaa juzi tu, zizi limejaa vitoto."

Chiriku alimtazama shangazi, kisha yule mzee. Akisema, atamharibia shangazi biashara. Akinyamaza, vile vitoto vitakufa.

"Babu, usiwachukue!" alipaza sauti. "Wanaumwa. Pua ni safi kwa sababu nimezipangusa sasa hivi."

Shangazi alimkata jicho. "We mtoto una wazimu? Unataka tulale njaa?"

"Nisamehe, shangazi. Mtazame mdomoni."

Shangazi alitazama, uso ukamshuka. Alimwomba mzee radhi, akafunga lango na kumpigia simu daktari wa mifugo.

Daktari alipowapima alitikisa kichwa. "Hii ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Haiwapati watu, lakini inaweza kumaliza zizi zima. Huenea kwa pumzi, kamasi na kinyesi, hata kwa vyombo vya pamoja." Aliwatenga wagonjwa na kuwatibu, akakataza mnyama yeyote kuingia wala kutoka, kisha akachanja mifugo ya majirani iliyokuwa mizima.

Kondoo mgeni alikufa, na mbuzi wawili wakamfuata. Chiriku alilia mpaka macho yakavimba. Wengine walipona polepole, na hakuna zizi la jirani lililoguswa.

Siku daktari alipoondoa katazo, Chiriku alimwendea shangazi. "Ni kitambaa changu kilichowaambukiza."

Shangazi alimvuta karibu. "Kitambaa ni chako, mwanangu, lakini kondoo nilimleta mimi, na vumbi nililisingizia mimi. Nilipaswa kumtenga mgeni wiki kadhaa na kumwita daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nakufundisha kuficha. Siku ile nilikukasirikia. Lakini ungenyamaza, tungeuza msiba kwa watu, tena tungewashukuru kwa kuununua."