Bechi Namba Kumi na Saba

"Tai, zuia barafu isivuke mto."

Sauti ya mkuu ikakatika kwenye redio ya Motorola. Raheli, ambaye kazini aliitwa Tai, akavuta mafuta. Pikipiki yake ya Honda ikaruka shimo na vumbi la barabara ya Kilambo likamjaa kinywani. Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikikimbilia kivuko cha Ruvuma.

Risasi mbili. Tairi moja.

Gari likalala mtaroni. Dereva akatoka, mikono juu. Alikuwa Kasiani, wakala wa forodha pale bandarini, mwimbaji mwenzake wa kwaya.

"Dada Raheli, usiniue!"

"Fungua boksi."

Ndani ya barafu mlikuwa na vichupa mia vya dawa ya kuongeza damu. Dawa hiyo ni protini, hutengenezwa na seli za panya zinazokuzwa kwenye matangi huko ng'ambo. Tangi likizidi joto au likikosa hewa, seli hutoa protini yenye kasoro. Kiwanda kiliipima bechi namba kumi na saba, mkupuo mmoja wa dawa hiyo, kikaikataa, kikaamuru ichomwe moto. Wezi wakaipakia melini. Mwili ukiipokea huiona adui, kisha hushambulia hata protini yake wenyewe ya kuongeza damu, na damu haitengenezwi tena.

Raheli akageuza kichupa. Kumi na saba.

Akamgeukia Kasiani.

"Zile ulizoniletea za mume wangu zilitoka wapi?"

"Humu humu, dada. Sikujua ni mbovu. Mbona zilikuwa za baridi?"

Hata Raheli mwenyewe, alipoletewa, hakuuliza zaidi. Jasusi mzima, anayepekua magunia ya korosho ya watu hadi la mwisho, alishika kichupa chenye ubaridi akaridhika. Mtwara, dawa ya sindano ikifika na barafu yake, watu humshukuru Mungu. Mganga hajigangi, lakini ujinga ule ulimuuma mno.

Akamfunga Kasiani pingu, akapiga simu nyumbani Magomeni, pale Mtwara mjini, kwa Nokia yake.

"Godfrey, umechoma sindano ya leo?"

"Nimechoma, Mama Neema. Ila pumzi bado inanikata. Labda wiki ijayo damu itapanda."

"Usichome tena. Nakuja twende kwa daktari."

"Kuna nini?"

"Nakuja, mume wangu."

Alilia akiwa amesimama, mpaka askari wa doria walipofika kumchukua Kasiani. Redio ikakoroma.

"Tai, barafu?"

"Imekamatwa yote."

"Safi sana. Kuna majeruhi?"

"Mmoja."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani kwangu."

Akaizima redio, akaiendea Honda bila kugeuka.